Mgeni njoo, mwenyeji anapiga hesabu

Barua pepe iliingia Ijumaa, saa kumi na kitu jioni, nusu ya ofisi ikiwa tayari imo kwenye daladala. Ilikuwa na mistari minne: kampuni ina furaha kumkaribisha msimamizi mpya wa ghala, ataripoti Jumatatu, tumpe ushirikiano. Wakati huo nilikuwa mhasibu msaidizi kwenye ghala moja la tailizi pembeni ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Niliisoma, nikainua macho kumtazama mtunza stoo wetu. Mzee wa miaka 52, miaka 13 kati ya hiyo ameimalizia palepale, na kwa miezi 14 ya mwisho alikuwa akikaimu nafasi hiyohiyo iliyopata mtu. Hakusema kitu. Alifungua droo ya chini, akatoa kaunta buku lake lenye jalada jeusi, akalifutika kwapani, akazima taa za stoo, akaenda zake. Jumatatu alirudi kazini. Kaunta buku halikurudi.

Nimekutana na mambo ya namna hii kila nilipofanya kazi, na kila mara wakubwa hutoa jibu lilelile: wivu. Watu wana roho ya kwa nini, hawataki mabadiliko, wamezoea vya kunyonga. Jibu hilo lina faida moja kubwa kwa anayelitoa, kwamba linampunguzia kazi. Wivu ni shida ya mwenye wivu, akaombewe. Mimi naona kinachoitwa wivu mara nyingi ni hesabu. Mtu aliyekaa kazini miaka kumi akiona kiti kipya kinaingizwa mlangoni, anaanza kujumlisha na kutoa: huyu analipwa ngapi, jukumu la nani litahamia kwake, mbona sikuulizwa, na mwakani mimi nitakuwa wapi. Asipopewa tarakimu atazitunga mwenyewe, na atazitunga akiwa na hofu.

Siku ya utambulisho tuliletewa sambusa na soda. Meneja mkuu akasimama, akatuambia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Tukapiga makofi. Lakini mgeni wa kwenye methali ile huja nyumbani na chochote mkononi, huchinjiwa kuku, kisha ana siku yake ya kuondoka. Wa ofisini haondoki. Na sisi sote tuliokulia na methali hiyo tunaijua pia ndugu yake, ile ya siku mbili na jembe siku ya tatu, kwa hiyo swali lililozunguka na sinia ya sambusa lilikuwa moja: jembe atakalopewa huyu ni la nani?

Tazama sheria inavyoyachukulia mambo haya mawili, kupunguza watu na kuongeza. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, kinamtaka mwajiri anayetaka kupunguza wafanyakazi kwa sababu za uendeshaji atoe taarifa, aweke wazi habari zinazohusika, na ashauriane nao kuhusu sababu zenyewe, namna ya kuepuka au kupunguza makali, na vigezo vya kuchagua nani aondoke. Kupunguza kuna kikao. Anayeongeza watu habanwi na kifungu hicho. Anatangaza, anasaili, anasaini, na wenyeji wanaletewa mistari yao minne Ijumaa jioni. Ndipo vichwani mwa watu mambo haya mawili yanapogeuka kuwa moja. Mtu ambaye hakuambiwa kwa nini mwenzake anaongezwa, anaanza kuhesabu siku zake.

Tuanze na mshahara, maana huko ndiko moto unakowaka. Wiki ya tatu, msimamizi mpya alituma slipu yake kwenye printa tuliyokuwa tunaitumia wote, akapigiwa simu, akasahau. Dereva mmoja akaenda kuchukua karatasi zake za mzigo, akaikuta juu. Milioni moja, laki nne na elfu hamsini. Mzee, aliyeishika kazi ileile miezi 14, alikuwa kwenye laki nane na elfu sabini, posho ya kukaimu ikiwemo. Chai ya saa nne ilipofika, hata mama ntilie wa nje ya geti alikuwa anaijua tofauti kwa kichwa: laki tano na elfu themanini. Wakubwa wakaikasirikia printa. Likabandikwa hadi tangazo ukutani, kwamba nyaraka binafsi zisichapwe pale.

Tofauti ya namna ile haipo Barabara ya Nyerere tu. Matthew Bidwell, wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alichambua kumbukumbu za wafanyakazi wa benki moja ya uwekezaji ya Marekani, akachapisha matokeo mwaka 2011. Walioajiriwa kutoka nje walilipwa asilimia 18 hivi zaidi ya waliopandishwa kutoka ndani kwenda kazi za aina hiyohiyo. Kwenye karatasi walikuwa na elimu na uzoefu zaidi. Lakini kwa miaka miwili ya mwanzo alama zao za utendaji zilikuwa chini ya za wale wa ndani, na waliachishwa au kuacha kazi kwa wingi zaidi. Wakifanikiwa kuivuka miaka hiyo, wengi walipanda haraka. Benki ya uwekezaji na stoo ya tailizi ni vitu viwili, ila utaratibu wake ninaufahamu: mwajiri humlipa mgeni kwa kinachoonekana kwenye wasifu wake, na cha mwenyeji, ambacho hakiandikwi popote, anakizoea kama hewa.

Dawa ya kawaida ni siri. Mshahara ni siri yako na mwajiri, tunaambiwa, na wengine tumesainishwa hivyo. Mwaka 2008 gazeti la Sacramento Bee la California liliweka mtandaoni mishahara ya watumishi wa jimbo, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha California. Mchumi David Card na wenzake watatu wakachukua sehemu ya wafanyakazi wa chuo hicho kwa bahati nasibu, wakawajulisha kuwa tovuti hiyo ipo, baadaye wakawahoji. Waliokuwa chini ya mshahara wa kati wa wenzao waliipenda kazi yao kidogo kuliko awali, na walikuwa tayari zaidi kutafuta kwingine. Waliokuwa juu yake hawakuongezeka furaha yoyote. Kujua kunauma upande mmoja tu. Mwajiri akisoma hapo atasema basi siri ni halali yangu. Mimi nasema deni lipo palepale, linasubiri printa.

Kwa hiyo kabla mkataba wa mgeni haujasainiwa, mwajiri aiweke mezani orodha ya wanaofanya kazi inayofanana na hiyo. Kama soko la wasimamizi wa maghala limepanda, limempandia na mzee. Fedha haitoshi? Sawa, haitoshi. Bado anaweza kumwita mtu mmoja, yule anayekaimu, akamwambia kiasi gani kitaongezwa na mwezi gani. Tarehe ya kweli yenye pesa ndogo ninaiheshimu kuliko "tunalifanyia kazi".

Na asije mtu akadhani kinachouma ni mgeni kulipwa zaidi tu. Angalia Kenya. Kuanzia tarehe 14 Machi hadi 8 Mei 2024, siku 56, madaktari chini ya chama chao cha KMPDU waligoma, na kiini kimojawapo cha mgomo kilikuwa madaktari wanagenzi, yaani watu ambao walikuwa hata hawajaanza kazi. Mkataba wa mwaka 2017 uliwawekea wanagenzi shilingi 206,000 kwa mwezi. Serikali ikataka kuwalipa 70,000. Waliokwisha ajiriwa walikuwa na madai yao mengine, lakini kwa hili wangeweza kukaa kimya, halikugusa mishahara yao. Hawakukaa. Walirudi kazini huku suala la wanagenzi likiwa bado halijaisha. Kulikuwa na mshikamano pale, sitaki kuudharau, lakini kulikuwa na hesabu pia: mlango wa kuingilia ukishuka bei, kuna siku atatokea mtu wa kuuliza kwa nini waliomo ndani ni ghali hivi. Mgeni akija na mshahara mkubwa mwenyeji anajiona amepunjwa. Akija na mdogo anajiona anatafutiwa mbadala. Mwajiri anayesema "hawa watu hawaridhiki na lolote" hajagundua kwamba mara zote mbili wanasoma bei yao wenyewe, mgeni ni kibandiko tu.

Sasa nije kwenye shikamoo, jambo ambalo semina za uongozi huliruka. Msimamizi wetu mpya alikuwa na miaka 29, shahada ya ununuzi na ugavi, kijana mwenye adabu zake. Baadaye sana aliniambia kwamba kabla hajashuka stoo, meneja mkuu alimwonya: hapa kazini hakuna shikamoo, ukimwamkia umekwisha. Basi Jumatatu akaingia, akasimama mbele ya meza ya mzee, akasema, "Habari za kazi, mzee?" Mzee akajibu, "Njema." Kijana akasubiri neno la pili. Halikuja, wala siku hiyo, wala wiki hiyo. Aliulizwa akajibu, na hakuongeza.

Nadhani ushauri ule ulikuwa mbaya kuliko mshahara. Cheo na umri ni ngazi mbili, na mtoto aliyelelewa Uswahilini anajua kuzipanda zote kwa wakati mmoja bila kujikwaa. Nimefanya kazi chini ya bosi wa miaka 31 aliyekuwa akiingia asubuhi na "Shikamoo mzee" kwa dereva wake, anaitikiwa "Marahaba mwanangu", na saa tatu anamwambia dereva huyohuyo kwamba hesabu yake ya mafuta haieleweki, airudie. Na dereva anairudia. Shikamoo haikumpunguzia bosi kitu; ilimpa mzee mahali pa kusimama wakati anakosolewa. Ukiiondoa, kila kosa analoambiwa linakuwa ni kuvuliwa nguo mbele ya watoto. Kwa mabinti wanaokuja kuongoza ni pagumu zaidi, nakiri: akiamkia anaitwa mwanangu na kikao kinageuka malezi, asipoamkia ana kiburi. Wengi wao wameipata njia kwa kuamkia mlangoni na kufungua daftari papo hapo.

Mwisho wa mwezi tukahesabu mzigo. Kompyuta ilisema tailizi za sakafu za sitini kwa sitini ni maboksi 1,318. Tuliyoyakuta ni 1,256. Pungufu 62. Msimamizi mpya akaandika ripoti ya upotevu, meneja mkuu akafoka, walinzi wakaamriwa kupekua mabegi ya watu getini, kana kwamba boksi la kilo karibu thelathini linaingia kwenye begi la chakula. Siku ya tatu ndipo mtu alipokumbuka kumuuliza mzee. Akasema maboksi yale yamo humuhumu, nyuma ya rafu ya mwisho. Yalifika kutoka bandarini yamepasuka, yanasubiri madai kwa msambazaji. Mfumo haukuwa na sehemu ya kuingiza mzigo uliovunjika, kwa hiyo miaka yote yeye aliuandika kwenye kaunta buku.

"Mbona hukusema?"

"Hakuniuliza."

Neno lililotumika kwenye kikao lilikuwa hujuma. Simtetei mzee moja kwa moja. Siku zile mbili za watu kupekuliwa angeweza kuzizuia kwa sentensi moja. Ila tuulize na upande wa pili. Nani alimpa kazi ya kufundisha? Aliambiwa "mwelekeze mwenzako", kwa mdomo, meneja akiwa anatembea. Malori yake ya asubuhi yalibaki yaleyale, na akikaa saa mbili kumwelekeza kijana, malori yakichelewa anayeulizwa ni yeye. Na kile alichotakiwa kukimwaga ndicho kitu pekee alichokuwa nacho ambacho mwenye shahada hakuwa nacho. Unamtaka mtu akukabidhi bima yake bila hata kumwambia utamwekea nini mahali pake. Sheria yetu ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wasio raia inamtaka mwajiri wa mtaalamu kutoka nje ya nchi awe na mpango wa urithishaji, ili ujuzi wa mgeni ubaki kwa wazawa. Wazo zuri. Linaona ujuzi ukitoka kwa mgeni kwenda kwa mwenyeji, wakati kwenye maghala mengi niliyoyaona mwezi wa kwanza maji hutiririka kinyume, na hakuna aliyeuandikia mkondo huo mpango wowote.

Kufundisha ni kazi. Ipewe saa zake, ipunguziwe mzigo mwingine, na ikiwezekana ilipwe.

Kosa lingine ni kumfanya mgeni fimbo. "Mnamwona mwenzenu? Ana wiki mbili tu, na ripoti yake imeshafika." Nimeisikia sentensi hiyo kwenye vikao vya Jumatatu hadi naijua mahali inapovutiwa pumzi. Kati ya Novemba 1931 na Mei 1932, kwenye kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric karibu na Chicago, watafiti waliwatazama wanaume 14 waliokuwa wakiunga nyaya za mitambo ya simu. Kikundi kilikuwa na kiwango chake cha kazi ya kutosha kwa siku, na aliyekipita kwa mbio zake alipigwa ngumi ya mkono wa juu, kama utani hivi, mpaka akapunguza. Malipo yalipangwa ili wazalishe zaidi, nao waliogopa kwamba wakizalisha zaidi viwango vya malipo vitashushwa au watu watapunguzwa. Mwaka 1932 Marekani ilikuwa katikati ya mdororo mkubwa, hofu hiyo haikuwa ndoto. Sisi hatupigani ngumi. Tunayo maneno: kiherehere, mnoko. Mgeni akishaitwa mnoko, hamna atakayemwambia kwamba lori limeondoka na mzigo pungufu mpaka lifike Morogoro. Na aliyemwitisha jina hilo ni bosi aliyemsifu mbele za watu.

Kuna upande ambao lazima niukubali. Si kila mkongwe anayenuna ana malalamiko ya haki. Kuna stoo ambamo mgeni anachukiwa kwa sababu anakuja kuona: sementi inayotoka usiku, mafuta yanayonyonywa, risiti za kughushi zinazoliwa na watu wanne. Hapo chai na utambulisho mzuri havisaidii. Lakini hata hapo, nawashangaa waajiri wanaomtuma mgeni kuvunja mtandao ambao wao wenyewe wameuogopa miaka mitano. Kijana wa kipindi cha majaribio unamtupa peke yake katikati ya watu wanaoweza kumtengenezea pungufu kwa wiki moja. Lete wakaguzi, hesabu mali, chukua hatua za nidhamu kwa jina lako na saini yako, kisha ndio uajiri. Halafu kuna ajira za vimemo, mpwa wa mkurugenzi na mtoto wa rafiki wa mkurugenzi. Kwa hao sina ushauri. Watu watajua kabla ya chakula cha mchana, na watakuwa sahihi.

Mara nyingi nimeifikiria ile wiki ya kabla ya barua pepe. Kilichohitajika ni meneja mkuu kushuka stoo, kuvuta kiti, na kusema maneno kama haya: mzee, nafasi unayoikaimu tunaitangaza, tunatafuta mtu atakayeendesha mfumo mpya na kuagiza mzigo nje, ukitaka, omba, na usipopata nitakueleza mwenyewe ulipopungukiwa, posho ya kukaimu itakoma tarehe fulani, kazi yako itakayobaki ni hii na hii, na hakuna atakayeigusa. Yangemuuma, bila shaka. Angeenda nyumbani akakosa usingizi. Lakini angekuwa na kitu cha kuhesabu, na pengine angeomba, na pengine wangegundua kwamba mfumo mpya anaweza kujifunza kwa wiki sita.

Aliyeyasema, kwa kuchelewa miezi miwili, ni dada mmoja wa rasilimali watu aliyetumwa kutoka makao makuu baada ya ripoti ya upotevu. Alikaa juu ya boksi la tailizi, akamwita mzee, wakaongea kwa saa nzima, mlango wazi. Zikatoka karatasi. Kwa miezi miwili asubuhi za mzee zitakuwa za kumfundisha msimamizi, malori yatapokelewa na msaidizi. Posho ya kukaimu itaendelea kwa miezi hiyo kama malipo ya kufundisha. Kontena zote zitakazofika zitapokelewa kwa saini ya mzee, si ya mtu mwingine. Kuhusu laki tano na elfu themanini dada alisema ukweli, kwamba hana mamlaka nayo na ataipeleka juu. Sikuwahi kusikia kama iliguswa.

Kesho yake kijana alishuka stoo mapema kuliko kawaida.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Vuta kiti. Yaliyopasuka yanaanzia ukurasa wa nne."

Walikaa pale hadi adhuhuri, mmoja anasoma, mwingine anaingiza kwenye kompyuta. Saa kumi na moja jioni mzee alilifunga kaunta buku, akalifutika kwapani, akazima taa.